Kabla Uzalishaji Haujahamishiwa Ng'ambo: Mwongozo kwa Msimamizi wa Ubora

Katika kampuni nyingi mambo mawili huendelea kwa wakati mmoja bila kukutanishwa. Kwenye laini ya uzalishaji kuna mpango wa kuboresha ubora: wafanyakazi wamefundishwa, chati zimebandikwa ukutani, na kila wiki timu inakaa kujadili kasoro. Kwenye ofisi za juu kuna jedwali linalolinganisha gharama ya kutengeneza bidhaa hiyo hapa na gharama ya kuitengeneza katika nchi ambako mishahara ni midogo. Walioandaa jedwali mara nyingi hawajawahi kuongea na wanaojaza chati. Uamuzi ukishatangazwa, msimamizi wa ubora ndiye anayepewa tiketi ya ndege na kuambiwa ahakikishe huko kila kitu kinakuwa sawa na hapa.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: jedwali la gharama lisilo na takwimu za ubora halijakamilika, na kuwaomba wafanyakazi mawazo ya kupunguza gharama huku umeshaamua kuwaondoa ni kuwadanganya. Hilo halina maana kwamba kila uhamishaji ni kosa. Zipo bidhaa ambazo soko lake liko huko zinakopelekwa, au malighafi yake, au mafundi wake waliobobea. Kazi yako ni kuhakikisha wanaoamua wanaona picha nzima, na kwamba ikishaamuliwa, haumizwi mteja wala mfanyakazi kwa sababu ya mambo ambayo yangeweza kujulikana mapema.

Hatua ya 1: Ulizia uamuzi umefikia wapi kabla hujaomba mawazo ya mtu yeyote

Mpango wowote wa ubora, uitwe kaizen, Six Sigma au jina jingine, unaendeshwa na kitu kimoja: mtu aliye kwenye mashine anakuambia anachokijua. Anajua ni skrubu ipi hulegea, ni malighafi ya nani huja na unyevu, ni hatua gani kwenye maelekezo hakuna anayeifuata kwa sababu haifai. Akiogopa kwamba maelezo yake yatatumika kumfukuzisha kazi, atanyamaza, na huna chombo cha kupimia ukimya huo. W. Edwards Deming, mtakwimu Mmarekani aliyewafundisha wahandisi na wakurugenzi wa Japani mwaka 1950, aliweka kuondoa hofu kazini miongoni mwa kanuni zake 14 za uongozi. Aliiweka kwa sababu hofu huharibu takwimu: watu huficha kasoro, huandika namba zinazompendeza bosi, na chati unayoitegemea inakuwa pambo.

Basi nenda kwa mkurugenzi umuulize waziwazi: je, kuna mpango wa kuhamisha laini hii? Ukijibiwa haupo, omba ahadi ya maandishi kwamba hakuna atakayepunguzwa kazi kwa sababu ya wazo la uboreshaji. Nafasi itakayookolewa itajazwa kwa kumpangia mtu kazi nyingine au kwa kutoajiri mwingine pale mtu anapostaafu. Ukijibiwa kwamba jambo linachunguzwa, omba liwekwe wazi kwa wafanyakazi pamoja na tarehe ya uamuzi, kisha nenda Hatua ya 2 haraka kwa sababu muda ulionao ni mfupi. Ukijibiwa kwamba imeshaamuliwa, simamisha vikao vya kutafuta akiba kwenye laini hiyo siku hiyo hiyo. Endelea na kazi ya usalama na ya kulinda mteja tu.

Wanaoona ahadi ya aina hii kuwa ni ndoto waangalie kiwanda cha magari cha Fremont, California. General Motors ilikifunga mwaka 1982 kikiwa na sifa ya utoro, migogoro na magari mabovu. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa jina la NUMMI, kwa ubia na Toyota. Wafanyakazi wengi walikuwa wale wale, chama chao cha wafanyakazi kile kile, UAW, ila ubora ulipanda haraka hadi kushindana na viwanda vya Toyota vya Japani. Wengi wakisimulia habari hii huishia kwenye kamba ambayo mfanyakazi aliruhusiwa kuivuta kusimamisha laini anapoona kasoro. Mimi husoma zaidi kipengele cha mkataba: kabla ya kupunguza wafanyakazi, kampuni iliahidi kwanza kupunguza mishahara ya mameneja na kurudisha ndani kazi zilizokuwa zimepewa wakandarasi wa nje. Mtu huvuta kamba akiwa na hakika kwamba kesho atakuwapo.

Hatua ya 2: Geuza ubora wa sasa kuwa fedha

Idara ya fedha haisomi chati za kasoro. Inasoma fedha, kwa hiyo zungumza nayo kwa lugha hiyo. Gawanya gharama za ubora katika mafungu manne: fedha za kuzuia kasoro (mafunzo, matengenezo ya mashine), fedha za kukagua, fedha zinazopotea kwa kasoro zilizonaswa ndani ya kiwanda (vitu vilivyotupwa, kazi iliyorudiwa), na fedha zinazopotea kwa kasoro zilizomfikia mteja (waranti, bidhaa zilizorudishwa, wateja waliohama). Fungu la mwisho ndilo linalokua haraka uzalishaji unapokwenda mbali, na ndilo ambalo majedwali mengi huliacha kabisa au huliwekea asilimia ya kubahatisha.

Halafu tafuta ni bidhaa ngapi hupita tangu mwanzo hadi mwisho bila kurekebishwa hata mara moja. Hapa wengi hujidanganya. Laini yenye hatua kumi, kila hatua ikipitisha asilimia 98, inaonekana nzuri sana ukiangalia hatua moja moja. Chukua 0.98 ya kila hatua, uzizidishe zote kumi zenyewe kwa zenyewe (0.98 × 0.98 × …), utapata takriban 0.82. Yaani katika kila bidhaa 100, 18 zimerudishwa nyuma au kutupwa mahali fulani njiani. Hao watu wanaorekebisha zile 18 wanahesabiwa kwenye jedwali kama gharama ya mishahara, na jedwali linasema mishahara ya hapa ni mikubwa mno. Sehemu ya gharama hiyo ni ya kasoro, na kasoro itapanda meli pamoja na mashine.

Hatua ya 3: Jaza mistari iliyoachwa kwenye jedwali

Bei ya kiwandani kule ni mwanzo tu wa hesabu. Ongeza nauli ya meli na bima, ushuru wa forodha, mtaji uliofungwa kwenye mali iliyoko baharini, ghala la akiba, safari za wahandisi, ada ya wakaguzi, na nauli ya ndege ya oda zitakazochelewa. Hii ya ndege iandike hata kama utaambiwa haitatokea. Weka pia mabadiliko ya thamani ya fedha na kiwango cha chini cha oda ambacho kiwanda kitakulazimisha kununua.

Mstari ninaoujali zaidi ni huu. Tuseme laini inatoa vipande 5,000 kwa wiki, na kuanzia kipande kinapotoka mashineni kule hadi kontena linapofunguliwa hapa ni wiki saba, ukijumlisha bandari, bahari, forodha na ghala. Fundi kule akifunga kifaa cha kukatia kilichochakaa siku ya Jumatatu na hakuna aliyekagua vizuri, utakapofungua boksi la kwanza lenye kasoro kutakuwa na hadi vipande 35,000 nyuma yake vyenye kasoro hiyo hiyo: vingine njiani, vingine bandarini, vingine ndio vinafungwa. Kasoro hiyo ikitokea kwenye laini iliyo chini ya ofisi yako, anayefanya hatua inayofuata anaiona ndani ya saa moja. Tofauti hiyo ina bei. Ihesabu kwa kasoro kubwa tatu za mwaka uliopita, moja moja: ingegharimu kiasi gani kama ingegunduliwa wiki saba baadaye?

Hatua ya 4: Jaribu kwanza kuitengeneza upya hapa

Kampuni ya General Electric (GE) ilianza Six Sigma mwaka 1995 na kuisambaza hadi ikawa gumzo la dunia nzima ya biashara. Mbinu yenyewe ilianzia Motorola mwaka 1986, ikilenga kasoro zisizozidi 3.4 katika kila nafasi milioni moja za kukosea. GE hiyo hiyo ilikuwa mstari wa mbele kupeleka kazi nje ya Marekani. Mfano wake wa kurudi nyumbani ndio unaofundisha zaidi. Mwaka 2012 ilirudisha kutoka China utengenezaji wa hita ya maji iitwayo GeoSpring na kuupeleka kwenye viwanda vyake vya Louisville, Kentucky. Wabunifu, wahandisi, watu wa mauzo na wafanyakazi wa laini walikaa pamoja mbele ya hita ile, na ikaonekana kwamba ndani yake mna msokotano wa mabomba ya shaba ambao ni taabu kuuchomelea. Waliokuwa wamebuni kifaa hicho hawakuwa wamewahi kukiunganisha. Wakakibuni upya. Muda wa kukiunganisha ukashuka kutoka saa kumi hadi saa mbili, gharama ya malighafi ikapungua kwa takriban robo, na bei ya dukani ikashuka kutoka dola 1,599 hadi dola 1,299.

Jiulize ni kwa nini zoezi lile halikufanyika kabla ya kuipeleka bidhaa China. Mishahara midogo huficha ubunifu mbaya: kama saa ya mtu ni rahisi, hakuna anayehangaika kuuliza kwa nini kazi inachukua saa kumi. Kwa hiyo kabla ya kuhama, chukua bidhaa moja, iweke mezani, na uwaite watu wa aina nne: aliyeibuni, anayeiunganisha, anayeitengeneza ikirudishwa na mteja, na anayenunua malighafi. Wape wiki chache na mamlaka ya kubadilisha michoro. Linganisha ng'ambo na bidhaa iliyobuniwa upya hapa. Kulinganisha na ile mbovu ya zamani ni kujipa ushindi wa bure.

Kanuni nyingine ya hatua hii: usihamishe mchakato usiotulia. Chati ya udhibiti, yaani mchoro wa vipimo vya kila siku wenye mipaka ya juu na ya chini, aliyoibuni Walter Shewhart mwaka 1924 akiwa Western Electric, kampuni iliyotengeneza vifaa vya kampuni ya simu ya Bell, bado ndiyo kipimo bora cha jambo hili. Kama vipimo vinaruka nje ya mipaka na hujui sababu ukiwa umesimama kando ya mashine, hutaijua ukiwa bara jingine.

Hatua ya 5: Amua kisichohama

Sehemu zinazogusa usalama wa mtumiaji, sehemu zinazobadilishwa muundo mara kwa mara, na mchakato unaoipa kampuni jina lake, vyote hivi vinahitaji hoja nzito sana kabla ya kutoka. Boeing ilipotengeneza ndege ya 787 iliwakabidhi washirika wa nje na wa ndani ya Marekani si utengenezaji tu, hata sehemu kubwa ya ubunifu wa vipande vikubwa. Vipande vilifika vikiwa havijakamilika au havikai sawasawa. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa kwa mteja Septemba 2011, zaidi ya miaka mitatu nyuma ya ratiba, na njiani, mwaka 2009, Boeing ililazimika kununua kiwanda cha mmoja wa washirika hao huko South Carolina. Ukitoa kazi pamoja na maarifa yake, kuirudisha maana yake ni kununua upya kitu ulichokuwa nacho.

Hatua ya 6: Andika kile ambacho mchoro hausemi

Hapa ndipo uhamishaji mwingi huvunjika, na hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Kaa na kila fundi kwenye kituo chake zamu nzima. Usimhoji ofisini. Mtazame mikono. Utamwona anaacha kipande kilichotoka kwenye tanuri kipoe kidogo kabla ya kukaza bolti, ingawa maelekezo hayasemi. Muulize, atakujibu kwamba ukikaza kikiwa cha moto kinapinda kesho yake. Mwingine husikiliza mlio wa mashine ya kukandamiza, na ukibadilika anaongeza mafuta bila kumwambia mtu. Mwingine hupanga boksi za gundi ili ile ya zamani itumike kwanza. Rekodi video, andika sababu karibu na kila tendo, kisha mrudishie fundi asome na asahihishe. Jina lake liwekwe kwenye waraka huo, na muda wake ulipwe.

Andaa pia sampuli za kielelezo, nakala mbili zilizotiwa saini na kufungwa kwa lakiri: moja ibaki kwako, nyingine iende kule. Pamoja nazo weka sampuli za mipaka, yaani mkwaruzo mkubwa kabisa unaokubalika, rangi iliyofifia kabisa inayokubalika. Neno "safi" au "laini" kwenye waraka halimsaidii mkaguzi aliye mbali.

Vipimo navyo vipimwe. Chukua vipande kumi, watu watatu wa hapa wavipime mara mbili kila mmoja, kisha vipande hivyo hivyo vipimwe kule kwa utaratibu huo huo. Majibu yakipishana sana, kila ubishi utakaofuata kuhusu kasoro utakuwa kwa kweli ubishi wa rula mbili.

Hatua ya 7: Mkataba na ukaguzi

Andika wazi kwamba kiwanda hakiruhusiwi kubadilisha malighafi, msambazaji, mashine au mahali pa kazi bila kibali chako cha maandishi, wala kumpa mkandarasi mwingine kazi yako kimya kimya. Mwaka 2007 Mattel, kampuni ya midoli ya Marekani, ililazimika kurudisha kutoka sokoni midoli kwa mamilioni. Baadhi ilikuwa na rangi yenye madini ya risasi, iliyoingia kupitia wasambazaji na wakandarasi wa viwanda vya China. Ila sehemu kubwa zaidi ilirudishwa kwa sababu ya sumaku ndogo zilizoweza kung'oka na kumezwa na mtoto, na hilo lilikuwa kosa la ubunifu wa Mattel yenyewe. Kampuni ilikuja kukiri hivyo na kuiomba China radhi. Kabla ya kukilaumu kiwanda, kagua mchoro wako.

Ukaguzi ufanyike kabla kontena halijafungwa na kabla malipo ya mwisho hayajatoka. Njia ya kawaida ni ya sampuli, kwa majedwali ya kiwango cha ISO 2859-1. Kwa fungu la vipande 3,000, kwa kiwango cha kawaida cha ukaguzi, unachukua vipande 125 bila kuchagua. Ukitumia kiwango cha kasoro kinachokubalika (AQL) cha asilimia 2.5 kwa kasoro kubwa, fungu linapita likiwa na vipande vibovu hadi 7, na linakataliwa vikifika 8. Kwa kasoro za hatari kwa maisha usiruhusu hata kimoja. Elewa pia kwamba fungu lililopita linaweza kuwa na kasoro nyingi ambazo bahati ilizificha. Ukaguzi wa mwisho ni wavu wa dharura, na anayeutegemea peke yake hana mpango wa ubora.

Cheti cha ISO 9001 ukutani kinakuambia kiwanda kina mfumo wa kusimamia ubora, hakikuambii kipande kilicho mkononi mwako ni kizuri. Na ripoti ya ukaguzi wa masharti ya kazi isikutulize. Jengo la Rana Plaza nchini Bangladesh lilianguka tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, na baadhi ya viwanda vilivyokuwamo vilikuwa vimekaguliwa. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Wafanyakazi waliziona, wakaamriwa kuingia. Nenda mwenyewe. Tazama milango ya dharura kama inafunguka, uliza zamu zinaisha saa ngapi, ongea na watu bila meneja wao kusimama pembeni. Mahali ambapo mfanyakazi hawezi kukataa kuingia kwenye jengo lenye ufa, hataweza pia kusimamisha laini kwa ajili ya kasoro yako.

Hatua ya 8: Endesha pande zote mbili kwa muda

Usiing'oe laini ya hapa siku ya kwanza bidhaa inapotoka kule. Anza na fungu dogo. Sekta ya magari hutaka angalau vipande 300 mfululizo, vilivyotengenezwa kwa mashine na watu watakaotumika kwa kweli, kabla ya kuidhinisha. Kisha andika sharti la kufunga laini ya hapa, mfano mafungu matano mfululizo yaliyopita bila msaada wa wahandisi wako. Sharti hilo liandikwe kabla ya kuanza, kwa sababu baadaye shinikizo la kuokoa fedha litakuwa kubwa na kila mtu atasema "inatosha".

Hatua ya 9: Wanaoondoka

Waambiwe mapema na wakuu wao, ana kwa ana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inawataka waajiri wengi wakubwa kutoa notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda. Nchi nyingine zina sheria zao. Chukua muda wa kisheria kama kiwango cha chini kabisa. Anayeombwa kumfundisha mbadala wake alipwe nyongeza kwa kazi hiyo na awe na hiari ya kukataa bila kupoteza stahili zake. Wewe ndiwe uliyewafundisha kuamini kwamba kusema ukweli kuhusu kasoro hakumdhuru mtu. Pigania vifungu hivi kwenye vikao ambavyo wao hawaingii.

Hatua ya 10: Baada ya kuhama

Weka mhandisi wako kiwandani kule, akae, asiwe wa kutembelea. Kasoro zote ziandikwe kwa fomu moja pande zote, na picha zifike kwako siku hiyo hiyo. Mpango wa uboreshaji uanze upya kule kwa ahadi zile zile ulizoziomba katika Hatua ya 1, maana wafanyakazi wa kule nao wanajua kwamba kazi iliyohama mara moja inaweza kuhama tena.

Kila mwaka toa lile jedwali la Hatua ya 3, ujaze gharama halisi pembeni ya zile zilizotabiriwa, mstari kwa mstari, pamoja na nauli ya ndege. Lipeleke kwa walioamua, hata wasipoliomba.